Fiche Iliyopata Soixante-Sept

Hapa Bukavu, ukishuka kutoka Nyawera kuelekea ziwa, kabla barabara haijapinda, utaona banc moja ya mbao imeegemea ukuta wa nyumba ya Guylain. Watu wote wa avenue wanaiita Faculté, kama ya chuo kikuu, na aliyeipa jina hilo ni mimi. Mbele yake Guylain ana lavage, mahali pa kuoshea pikipiki: sementi pana kama chumba, na maji yanasimama hapo tangu asubuhi mpaka jioni. Pembeni ya banc, Carine, muke wake, anauzaka kahawa ya tangawizi kutoka thermos mbili. Ukinunua kikombe kimoja umepata nafasi ya kukaa na haki ya kusema. Mimi jina langu Théodore, lakini pale wananiita Dictionnaire, juu hakuna neno ambalo sijawahi kulipatia maana. Yale niliyojua, nilieleza. Yale ambayo sikujua, nilieleza pia, na mpaka leo watu wanayatumia.

Siku ya posho ile, ni kusema Jumamosi, tulikuwa wane kwa banc. Mugisho tunamuita Amiral: ni muzaliwa wa kisiwa cha Idjwi, aliendesha boti ya moteur miaka kumi na moja, na mpaka leo akikaa anainama kidogo upande mumoja, kama mutu anayesawazisha mizigo. Zagabe tunamuita Mètre Soixante, mètre sitini, juu alichimba dhahabu kule Shabunda, na shimo lake linaendelea kurefuka hapa Bukavu. Nilipomujua lilikuwa na mètre vingt, ishirini tu. Ignace, Secrétaire, anatumika kwa bureau moja ya Ibanda. Anavaa chemise ya mikono mirefu hata siku ya mapumziko, na anasema polepole, kasoro ambayo imemuharibia hoja nyingi nzuri. Wa nne ni mimi.

Guylain hakukaa. Alisimama mbele yetu na fiche mbili, plagi za umeme, moja kila mukono, kama mutu anapima viazi.

Lazima nieleze. Pompe ya Guylain ya kurushia maji inapata courant, umeme, kwa rallonge, kamba ndefu inayotoka ndani ya nyumba. Rallonge inaishia na fiche femelle, ile yenye matundu, ya bleu, ya zamani, kifuniko chake kilivunjika. Kamba ya pompe inaishia na fiche mâle, ile yenye meno. Na mahali hizo mbili zinakutana ni palepale kwa sementi, karibu na maji. Guylain alikuwa anafunga hapo na sachet ya plastiki, juu yake kipande cha chambre à air, mpira wa ndani wa gurudumu. Hivyo ndivyo wote tunafanya, na wengi wetu tuko wazima. Lakini siku ya ine, ni kusema Alhamisi, sachet ilipasuka. Courant ilimukamata Guylain, ikamutupa juu ya pikipiki ya client, na mukono wake wa kuume haukuweza kushika kitu mpaka jua likashuka. Carine aliona yote, thermos mkononi. Hakulia. Aliingia ndani, akashusha disjoncteur, swichi kubwa ya umeme, akarudi akatuambia kwamba hataipandisha mpaka mutu asimame mbele yake na kumuambia kwamba maji haitaingia tena.

Siku mbili pompe haikulia. Na siku ile, saa sita ya mchana, pikipiki saba za cortège ya mariage, msafara wa arusi, zilikuwa zinakuja kuoshwa. Ndiyo maana Guylain alikuwa ameenda Nyawera asubuhi. Muuzaji wa vitu vya umeme alimupa fiche mâle mbili, akasema achague moja na arudishe ingine. Zote bleu. Moja iko wazi tu, imeandikwa IP44, quarante-quatre. Ya pili iko na pete nene ya kuzungusha kwa mukono, imeandikwa IP67, soixante-sept. Alipouliza namba ni ya nini, muuzaji alijibu kwamba namba ni mambo ya fabrique, yeye anauzaka.

— Ba vieux, Guylain akasema, munisaidie. Nikamate gani?

— Usiwaulize gani, Carine akasema bila kugeuka. Waulize kama maji itaingia. Siku ya ine nilikuona unaruka. Sitaki kuona mara ya pili.

Zagabe alikamata IP67, akaipima kwa mukono, akafunga jicho moja. Akasema ni mètre. Ile ya quarante-quatre inashuka mètre quarante-quatre ndani ya maji, ile ingine soixante-sept, na hiyo hata mutoto wa primaire anajua. Kule Shabunda walikuwa na pompe chini kabisa ya shimo, na fiche yake ililala ndani ya maji miezi mitatu, samaki wanaizunguka.

— Samaki mu shimo ya dhahabu? Mugisho akauliza.

— Samaki ya giza. Haina macho. Inakuyaka juu ya joto ya fiche.

Tuliinamisha vikombe kidogo, kwa heshima ya samaki. Carine ndiye aliuliza kama kulikuwa mutu anaigusa ile fiche wakati iko ndani ya maji. Zagabe alifikiri. Akasema alikuwako mumoja, kijana wa Mwenga, lakini huyo alienda kwao na hakurudi, na hakuna aliyeuliza juu ya nini.

Carine alimwaga chini kahawa iliyobaki kwa kikombe cha Zagabe, akakiosha. Kwetu hiyo ni kusema hoja yako imekwisha.

Mugisho akachukua nafasi. Amiral hana haraka; yeye anaanzaka na ziwa, halafu anarudi polepole kwa inchi kavu. Akasema kila chombo kinachogusana na maji kinaandikwa namba pembeni, na namba hiyo ni ya watu. Boti ikiandikwa quarante-quatre, inabeba watu quarante-quatre. Ukiongeza mumoja, hata kama ni mama mwembamba na kuku wake, munazama.

— Fiche ni vilevile, akasema. Batu quarante-quatre bakiigusa pamoja, inavumilia. Wa quarante-cinq njo anakamatwa.

— Lakini Guylain alikuwa peke yake, Carine akasema.

— Njo ile kosa yake. Courant yote ilimukuta yeye tu. Bazee balisema umoja ni nguvu: mukiwa wengi, inagawanyika. Hapa tuko sita. Tuko chini ya namba, hata ya fiche ndogo.

Na akatupa shauri kwamba tushikane mikono wote, Guylain aingize fiche, tuone kila mutu anapata kidogo. Mimi si muoga, watu wa avenue wanajua, lakini siku ile nilikuwa na kikombe mukono mumoja na kofia mukono wa pili. Zagabe alisema ana kidonda. Carine alitazama tu mukono wa Guylain, ule wa kuume, na Guylain akauficha nyuma.

Ni wakati ule pikipiki moja iliingia polepole kwa sementi, imejaa matope mpaka kwa kiti. Mwenye kuiendesha alikuwa mwanamuke, Delphine, anayeleta mayai kutoka Kabare. Plateaux tupu za mayai zilikuwa zimefungwa nyuma na kamba. Siku ile tulikuwa bado hatumujui. Alisalimia, akauliza kama lavage inafanya kazi. Guylain akamuambia asubiri kidogo, wazee wanamalizia. Alikaa juu ya pikipiki yake, miguu inaning'inia, akasikiliza.

Ignace alikohoa.

— Kwa bureau tuliletewa groupe ya kutoa umeme, akasema. Ilikuya na kitabu kidogo. Mule ndani balieleza hiyo namba. Si namba moja. Ni mbili. Ya kwanza ni ya vumbi na vitu vinavyoweza kuingia. Ya pili ni ya maji. Quatre ya maji, ni kusema ikirushiwa maji, haina neno. Sept, ni kusema ikianguka ndani ya maji kwa wakati mufupi, haina neno. Si mètre. Si batu.

Alisema hayo kwa muda wa kunywa kikombe kizima. Zagabe alikuwa tayari anatafuta nzi wa kufukuza. Na mimi niliona kwamba Faculté iko karibu kuharibika, juu hoja ile ilikuwa haina samaki, haina boti, haina hata mutu mumoja ndani. Nikaweka kikombe chini.

— Ignace, mudogo wangu, nikamuambia. Mutoto wako akirudia nyumbani na soixante-sept kwa bulletin ya shule, unasema alipata six kwa religion na sept kwa calcul?

Akasema hapana.

— Sasa ni nani alikufundisha kukata pourcent mu vipande?

Watu wakacheka, hata Carine kidogo, na nikajua kwamba uwanja ni wangu. Nikawaeleza kitu kama kilivyo. Fiche inasoma. Kila kitu kinachotoka fabrique kinapita kwanza kwa examen, na IP ni jina la institut yao. Mwaka fulani nilikuwa Uvira, kwa shughuli zangu, na nikaonyeshwa hangar moja ambamo fiche zinafanya examen. Mabeseni yamepangwa kama pupitres za darasani. Kila fiche iko ndani ya beseni yake, na kamba ya jina shingoni. Inspecteur anapita katikati na saa mukononi, anarusha maji, anarusha vumbi, anaandika. Fiche inayopiga cheche, inatolewa inje na wazazi wanaitwa.

— Wazazi wa fiche? Mugisho akauliza.

— Fabrique. Usinikate.

Nikaendelea. Ku Congo hapa, tangu bibi zetu, kupita ni cinquante, nusu ya mia. Quarante-quatre ni échec; hata ukienda kumuomba préfet wa shule, hata ukimupelekea mbuzi, quarante-quatre ni échec. Soixante-sept haifiki distinction, ni kweli, lakini ni fiche yenye akili, fiche unaweza kuipatia binti yako. Mimi mwenyewe, masomo yangu yalikatika mwaka wa quatre, si juu ya akili, ni juu ya mambo ya ukoo. Lakini mwaka ule nilikuwa na cinquante-huit, na tazama nimefika wapi.

Guylain aliangalia IP44 kama mutu anaangalia shemeji aliyefukuzwa shule, akaiweka chini ya banc. Akachukua tournevis, akatoa fiche mâle ya zamani na kuanza kufunga IP67 kwa kamba ya pompe.

— Polepole, Ignace akasema. Hata kama ni soixante-sept—

— Asiyesikia la mukuu huvunjika guu, nikamukata, ingawa anafanya kazi kwa bureau na mimi sina bureau.

Na hapo nikafanya kitu ambacho nilikuwa ninajivunia mpaka saa sita kasoro. Wote munajua ginsi tunafanya matokeo ya examen d'État ikitoka: aliyepita anamwagiwa poudre nyeupe kichwani, anatembea nayo avenue nzima, mama zake wanapiga vigelegele. Nikasema haifai fiche ipite bila poudre. Carine ana poudre ya mutoto kwa mulango. Nilienda, nikaichukua, nikaimwagia fiche ile kichwani, kwa wingi, mpaka meno yake matatu ya chuma ikawa nyeupe kama meno ya kweli. Zagabe alipiga makofi. Mugisho aliimba ubeti mumoja.

Ignace alisimama, akakamata fiche, akaangalia ndani ya kinywa chake.

— Dictionnaire, akasema, imejaa.

— Ni furaha.

— Ni vumbi. Ile six, njo ilikuwa ya vumbi. Na hapa iko wazi, haijafungwa na kitu.

Akapuliza. Wingu ndogo ikatoka, ikamuingia kwa chemise. Nyingine ikabaki ndani. Nikamuambia kwamba mutu aliyepita examen haogi siku ile ile.

Saa ilikuwa inakimbia. Barabarani tayari tulisikia klaxon za mariage, kule juu bado, lakini zinashuka. Guylain alimaliza kukaza vis ya mwisho. Alisimama mbele ya Carine na kamba mukononi. Carine hakumuangalia yeye. Aliniangalia mimi.

— Tonton Théodore. Simama.

Nikasimama.

— Sema mbele yangu. Maji haitaingia?

Ninataka muelewe: watu wa barabara nzima walikuwa wanatazama, na kikombe changu kilikuwa cha tatu.

— Maji ukiyavulia nguo lazima uyaoge, nikasema. Soixante-sept, binti yangu. Haitaingia.

Aliniangalia tena kidogo. Halafu akaenda ndani. Tulisikia disjoncteur: tak. Na mara ile, maji yote ya sementi ilionekana tofauti. Yalikuwa maji yaleyale, na sabuni ileile, lakini hakuna mutu aliyetaka mguu wake kuwa karibu.

Guylain alivua viatu vya kufunga, akabaki na babouches za plastiki. Akaingia. Maji ilifika kwa visigino vyake. Aliinama kwa rallonge, akafungua chambre à air, akatoa sachet ya zamani, na femelle ikabaki mukononi mwake, bleu imekwisha kuwa kijivu, kinywa wazi bila kifuniko. Kwa mukono wa kuume, ule wa siku ya ine, alikamata fiche yangu nyeupe.

— Samahani, ba papa.

Ilikuwa Delphine. Hakushuka hata kwa pikipiki. Aliuliza kama vile mutu anauliza njia.

— Nimesikia hiyo nyeupe ilipata soixante-sept. Sawa. Na ile yenye itaingia ndani yake, ile ya zamani, yeye alipata ngapi?

Guylain alisimama kama alivyokuwa, fiche moja kila mukono, nafasi ya kidole kimoja katikati yao.

Zagabe alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nimujue hakuna mètre ilitoka. Mugisho alinyooka kwa banc, hakuinama upande wowote. Mimi nilimugeukia Ignace. Ninasema ukweli: asubuhi yote sikutaka aseme, na dakika ile ningempa kahawa yangu aseme, hata polepole. Ignace alipangusa poudre kwa chemise yake.

— Kitabu kilikuwa kirefu, akasema. Sikufika mpaka pale.

Guylain aligeuza femelle, akatafuta. Mahali pa namba, plastiki ilikuwa imeyeyuka, alama nyeusi kubwa kama ukucha wa dole gumba. Akajaribu pete ya fiche mupya hewani, karibu na ile ya zamani lakini bila kugusanisha. Ile ya zamani haikuwa na kitu cha kuishikia. Pete ilizunguka, ikazunguka, haikukamata kitu.

Akaziweka zote mbili mahali pakavu, mbali moja na ingine, taratibu, kama mutu anatenganisha jogoo wawili. Akatoa mguu wa kushoto ndani ya maji. Halafu wa kuume.

Carine alikuwa amerudi mpaka mulangoni. Hakuwa amesikia swali, lakini aliona miguu ya bwana wake inatoka. Aligeuka, akaingia tena, na tukasikia: tak.

— Mimi niliuliza tu, Delphine akasema.

— Swali hiyo nilikuwa nayo tangu asubuhi, nikamuambia, ili asijisikie vibaya. Nilikuwa ninaiachia mugeni. Kwetu mugeni anapewaka cha mwisho.

— Basi jibu, tonton.

Nilitazama ziwa. Siku ile lilikuwa zuri sana.

Klaxon zilifika. Pikipiki saba ziliingia moja nyuma ya ingine, zimefungwa vitambaa vyeupe na matope nyekundu, na kiongozi wao akasema bibi arusi atatoka kanisani saa saba kamili. Guylain aliangalia pompe, akaangalia pikipiki, akachukua bidon ili ashuke ziwani kuchota. Carine alimunyang'anya. Aliingia ndani, akatoka na éponges ine za kusugulia na seau mbili za kuchotea, na hakugawa kwa mupango wa umri ao wa cheo. Zagabe na Mugisho aliwapa bidon na kuwaonyesha njia ya ziwa, juu mumoja alijua maji ya chini na mwingine alijua maji ya juu. Ignace alikunja mikono ya chemise, na tukaona kwamba ana mikono. Mimi nilipewa pikipiki ya Delphine, roue, gurudumu la nyuma, pale matope ya Kabare inakauka kama ciment.

— Mama huyu ataanza, Carine akasema. Alikuwa wa kwanza.

Nilifanya kazi nzuri. Waulizeni. Hakuna pompe ya Bukavu inayotoa matope ndani ya rayons kama kidole cha Théodore, na Delphine mwenyewe alikiri kwamba roue yake haijawahi kuwa vile tangu ilipotoka dukani. Nikamueleza, nikiwa nimepiga magoti, kwamba kesho yake mimi na Guylain tutapanda Nyawera kurudisha ile ya échec, na kutafuta femelle yenye kifuniko na soixante-sept yake mwenyewe, ili zikae darasa moja. Ignace, kutoka upande wa pili wa pikipiki, akasema polepole kwamba hata hivyo ingefaa kuipandisha juu ya ukuta, mbali na maji. Sikumukata. Nilikuwa na sabuni kinywani.

Guylain alijaribu mara mbili kuja kutusaidia. Mara ya pili Carine alimuweka mukono kwa bega, akamusukuma chini mpaka akakaa kwa banc, mahali pangu, miguu mikavu, na akamupa kikombe kilichokuwa kimebaki cha kahawa.